2,147,483,647: nambari moja, mbona inajitokeza kila mahali?

Fungua hifadhidata ya duka la mtandaoni lililojengwa haraka haraka hapa Nairobi miaka kumi na kitu iliyopita, uangalie safu ya nambari za simu, na usishangae ukikuta wateja wote wana simu moja: 2147483647. Mteja wa Kayole ana hiyo, wa Ruaka ana hiyo, wa Lang'ata vilevile. Ujumbe wa kuthibitisha oda haumfikii hata mmoja. Anayeitwa kurekebisha hudhani kwanza kwamba kuna mhuni ameingia kwenye mfumo. Hakuna mhuni. Kinachoonekana pale ni ukuta, na ukuta huo ni nambari ambayo wanahisabati walikuwa wakiichunguza na kuistaajabia karne nyingi kabla ya kompyuta ya kwanza kuwashwa.

Ukiiandika kwa tarakimu zake kumi, haina sura wala mpangilio: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, na mkia mrefu. Ukiiandika jinsi kompyuta inavyoiandika, kwa 0 na 1 peke yake, unapata moja thelathini na moja zilizopangwa mstari, bila sifuri hata moja:

1111111111111111111111111111111

Karibu kila jambo la kusema kuhusu nambari hii, liwe la hisabati au la mfumo kuharibika, linatoka katika mstari huo.

Kwa nini 31, si 32

Katika hesabu zetu za kila siku nafasi hupanda mara kumi: moja, kumi, mia, elfu. Katika mfumo wa tarakimu mbili hupanda mara mbili: 1, 2, 4, 8, 16. Ukijaza nafasi 31 kwa moja, unajumlisha 1 + 2 + 4 na kuendelea hadi 1,073,741,824, na jumla ya namna hiyo siku zote hupungukiwa na moja tu kuifikia nafasi inayofuata. Inayofuata hapa ni 2³¹, yaani 2,147,483,648. Kwa hiyo nambari yetu ni 2³¹ − 1.

Kompyuta huhifadhi nambari katika nafasi zenye ukubwa maalumu, na kwa miongo mingi ukubwa uliozoeleka umekuwa biti 32, biti ikiwa nafasi moja ya 0 au 1. Biti 32 zinaweza kupangwa kwa namna 4,294,967,296. Nusu ya mipangilio hiyo imetengewa nambari hasi, na biti ya juu kabisa ndiyo inayoamua: ikiwa 0, nambari ni sifuri au chanya, ikiwa 1, ni hasi. Zinabaki 31 za kubeba thamani. Zikijaa zote, umefika mwisho.

Sasa ongeza moja. Kila moja inageuka sifuri na kubeba, na inayofuata hivyo hivyo, mpaka ile ya mwisho inapoibebesha biti ya alama. Unapata 1 ikifuatwa na sifuri 31, na kompyuta inaisoma kama −2,147,483,648. Ni kama mita ya maili ya matatu kuukuu inapomaliza tarakimu zake, isipokuwa hii hairudi sifuri. Inaruka hadi upande wa mbali kabisa wa hasi.

Hapo pana kasoro ndogo ambayo wengi hawaijui. Upande wa hasi una nambari moja zaidi ya upande wa chanya, kwa hiyo −2,147,483,648 haina mwenzake. Ukiiambia lugha ya programu ya Java iiondolee alama ya hasi kwa Math.abs, inakurudishia hasi ileile. Msimbo unaotumia jibu hilo kama nafasi ya kwenye orodha, ukiamini kwamba haliwezi kuwa chini ya sifuri, utafanya kazi vizuri kwa miaka halafu uanguke siku nambari hiyo moja inapopita.

Kinachotokea ukutani hutegemea uko wapi. Java inazunguka kimyakimya. Katika lugha ya C, kanuni za lugha hazitoi ahadi yoyote kwa nambari zenye alama zinapofurika, na kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine, ina ruhusa ya kufuta hata sharti uliloweka kukagua kama jumla imepungua, kwa hoja kwamba jambo hilo "haliwezi" kutokea. Python haina ukuta huu, kwa kuwa nambari zake hukua kadiri kumbukumbu inavyoruhusu. Lakini data ya Python nayo huishia mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni jedwali lenye safu ya biti 32.

Simu, pesa na saa

Turudi kwa wateja wenye simu moja. Nambari ya simu ya Kenya ikiandikwa kwa muundo wa 254 ina tarakimu 12, yaani bilioni 254 na ushei, zaidi ya mara mia ya ukuta wetu. Safu ya aina ya INT, yaani ya biti 32, katika programu ya hifadhidata ya MySQL haiwezi kuibeba. Matoleo ya kabla ya 5.7, lililotoka mwaka 2015, kwa mpangilio wake wa kawaida hayakuikataa data ya namna hiyo. Yaliibana hadi thamani kubwa inayowezekana, yakaandika 2147483647, yakatoa onyo ambalo programu nyingi hazikuwa zikilisoma. Matoleo ya baadaye hukataa na kutoa kosa, jambo lililo bora zaidi, japo bado kuna seva ambazo ukali huo umezimwa ili programu za zamani ziendelee kufanya kazi.

Mtego wenyewe ni kwamba kosa hili halionekani mwanzoni. Mfumo unapopokea 0712 na kuendelea, sifuri ya mbele inapotea lakini milioni 712 inaingia kwenye safu bila taabu, na muuzaji anaongeza sifuri anapoonyesha. Siku wanapounganisha malipo ya simu, yanayotaka 254 mbele, ndipo kila kitu kinabanwa. Na kilichobanwa hakirudi. Kubadilisha safu kuwa BIGINT, aina ya biti 64, kunaokoa wateja wa kesho tu. Wa jana itabidi watafutwe kwenye rekodi za malipo au nakala za akiba. Dawa halisi ni kuacha kuihifadhi simu kama nambari ya hesabu. Hakuna anayejumlisha simu mbili wala kuzidisha simu kwa tatu. Ni maandishi, na herufi 15 zinaitosha simu ya nchi yoyote kwa kanuni za kimataifa, ukiongeza moja kama unahifadhi na alama ya jumlisha.

Pesa ni hatari zaidi, kwa sababu zenyewe kweli huzidishwa. Mifumo mizuri huhifadhi pesa kwa senti ili kukwepa desimali. Kwa biti 32, mwisho wa senti hizo ni shilingi 21,474,836 na senti 47. Akiba ya mwanachama mmoja wa sacco itakaa salama chini ya hapo, lakini jumla ya tawi zima haitakaa. Tena si lazima jumla ifike huko. Chukua mkopo wa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 13 kwa mwaka, miezi 12. Fomula ya kawaida ni senti mara riba mara miezi, gawanya kwa 1,200. Jibu sahihi ni shilingi 39,000. Fuata sasa njia ya kompyuta: 30,000,000 × 13 × 12 ni 4,680,000,000, ambayo imepita ukuta. Java inatoa 4,294,967,296 na kubaki na 385,032,704, kisha inagawanya kwa 1,200 na kupata senti 320,860. Riba imekuwa shilingi 3,208 na senti 60.

Jibu hilo si hasi. Halina dalili yoyote ya ugonjwa. Linafanana kabisa na riba ya mkopo mdogo, na karani anaweza kulichapisha bila kushtuka. Ndiyo maana ukaguzi wa "kama ni hasi, toa kosa" hautoshi: kufurika kunaweza kukurudisha popote, ikiwa ni pamoja na katikati ya majibu yanayoaminika. Ukaguzi unaofaa hufanywa kabla ya kuzidisha, kwa kuuliza kama kizidishwa ni kikubwa kuliko 2,147,483,647 ukigawanya kwa kizidisho. Au tumia aina ya biti 64 tangu hatua ya kwanza ya hesabu, si mwishoni wakati maji yamekwisha kumwagika. Kubadilisha aina ya jibu peke yake, huku 30,000,000 na 13 zikibaki za biti 32, hakusaidii kitu: kuzidisha kunafanyika kwanza, ndipo jibu lililoharibika linahamishiwa kwenye nafasi kubwa. Ukuta wa biti 64 uko 9,223,372,036,854,775,807, na senti za uchumi wote wa Kenya haziukaribii.

Vihesabio navyo hufika. YouTube ililazimika kupanua kihesabio chake mwaka 2014 video ya Gangnam Style ilipokaribia kutazamwa mara 2,147,483,647. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliamuru ndege za Boeing 787 zizimwe umeme wote kabla ya kutimiza siku 248 mfululizo, kwa kuwa kihesabio ndani ya vidhibiti vya jenereta zake kingefurika na kuzima umeme wa ndege. Gawanya nambari yetu kwa 100, kisha kwa sekunde 86,400 za siku moja: unapata siku 248 na nusu hivi, ambazo ndizo mwisho wa kihesabio kinachohesabu sehemu ya mia ya sekunde. Ndege za aina hiyo hutua na kuruka Jomo Kenyatta kila siku.

Kisha kuna saa. Mifumo ya uendeshaji ya jamii ya Unix, Linux ikiwa mmojawapo, huhesabu muda kwa sekunde tangu saa sita usiku ya kuamkia 1 Januari 1970, kwa saa za kimataifa. Panapotumika biti 32, sekunde ya mwisho ni ya 2,147,483,647, na itafika Jumanne, 19 Januari 2038. Kwa Nairobi itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, watu wako kwenye foleni ya Thika Road. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haujarekebishwa utaamini kwamba ni 13 Desemba 1901, mwezi uleule ambao reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu.

Seva nyingi za leo ni za biti 64 na zenyewe hazina shida. Kiini cha Linux kilipata dawa kwa mashine za biti 32 katika toleo la 5.6 la mwaka 2020. Wasiwasi uko kwa vifaa vinavyofungwa ukutani na kusahauliwa, na kwa aina ya TIMESTAMP ya kuhifadhi tarehe katika MySQL, inayoishia sekunde hiyohiyo. Wala huhitaji kungoja 2038 kuliona tatizo. Mkopo wa nyumba wa miaka 20 unaotolewa sasa una tarehe ya mwisho iliyo ng'ambo ya ukuta, na bima ya maisha ya kijana pia. Kupima ni rahisi: kwenye Linux andika date -d @2147483647, uone kama inatoa 19 Januari 2038, kisha uongeze moja na uone kama sekunde inasogea au inagoma. Baada ya hapo ingiza tarehe ya 2040 kwenye jedwali lenyewe, uisome tena, uhakikishe kilichotoka ndicho kilichoingia. Kupima mfumo wa uendeshaji bila kupima jedwali ni kupima nusu.

Nambari tasa iliyosubiri karne mbili

Tuache kompyuta. Nambari 2,147,483,647 ni tasa: hakuna nambari inayoigawanya bila baki isipokuwa 1 na yenyewe. Hili si jambo la kutarajiwa kwa nambari ya ukubwa huu, maana katika eneo lake ni takriban moja tu kati ya nambari ishirini na mbili iliyo tasa.

Mstari wa moja 31 unatusaidia kuona kwa nini ina nafasi nzuri. Chukua moja sita, 111111, ambayo ni 63. Moja sita zinagawanyika katika mafungu mawili ya tatu tatu, 111 na 111, na kwa hiyo 111, yaani 7, lazima iigawanye 63. Mstari wowote wa moja unaoweza kukatwa mafungu yaliyo sawa una kigawo tayari. Ili upone, urefu wa mstari wenyewe sharti uwe nambari tasa. Thelathini na moja haikatiki, kwa hiyo umeponea hatari hiyo.

Lakini kuponea hatari moja si kupona kabisa. Moja 11 zinatoa 2,047, nayo ni 23 × 89. Moja 23 zinagawanyika kwa 47. Moja 29 ni 233 × 1,103 × 2,089. Hapo ndipo wataalamu wa zamani walipojikwaa. Mwitaliano Pietro Cataldi alithibitisha mwaka 1588 kwamba mistari ya moja 17 na ya moja 19 ni tasa, akadai kwamba ya 23, 29, 31 na 37 pia ni tasa. Mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat aliivunja 23 na 37 mwaka 1640; Mswisi Leonhard Euler akaivunja 29 mwaka 1738. Katika hiyo minne, 31 peke yake ndiyo iliyosimama. Mtawa wa Ufaransa Marin Mersenne naye aliitaja katika orodha yake ya mwaka 1644, orodha iliyokuwa na makosa yake pia, na kwa heshima yake nambari hizi huitwa nambari za Mersenne.

Kudai ni rahisi. Kuthibitisha ni kugawanya. Kipeuo cha pili cha nambari yetu ni 46,340 na ushei, na nambari isiyo tasa lazima iwe na kigawo kisichozidi hapo. Mtu wa kujaribu zote kwa kalamu angemaliza karatasi na macho. Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg na macho yake yakiwa karibu yamekwisha, aliikamilisha kazi hiyo kufikia mwaka 1772, kwa sababu alijua ni wapi pa kutafuta.

Hoja yake ni hii. Tuseme nambari tasa q inaigawanya 2³¹ − 1. Maana yake, ukizidisha mbili kwa yenyewe mara 31 kisha ukagawanya kwa q, baki ni 1. Mabaki ya vipeo vya mbili hujirudia kwa mzunguko, na urefu wa mzunguko huo lazima uigawanye 31. Kwa kuwa 31 ni tasa, mzunguko ni 31 kamili. Kanuni ndogo ya Fermat inasema pia kwamba mzunguko wowote wa namna hiyo huigawanya q − 1. Basi q − 1 inagawanyika kwa 31, na kwa kuwa q ni witiri, inagawanyika kwa 62. Kwa hiyo q ni lazima iwe na sura ya 62k + 1.

Kanuni nyingine inaongeza sharti: ukigawanya q kwa 8, baki liwe 1 au 7. Changanya masharti yote mawili na zinabaki familia mbili tu, 248n + 1 na 248n + 63. Chini ya 46,341 familia hizo zina watu 373, na 63 inaondoka papo hapo kwa kuwa ni 7 × 9. Kazi imepungua kutoka majaribio maelfu hadi 372, na nyingi kati ya hizo nazo si tasa, kwa hiyo hakuna haja ya kuzijaribu.

Mtuhumiwa wa kwanza wa kweli ni 311. Kumjaribu hakuhitaji hata kuigawanya nambari kubwa. 2⁸ ni 256, sawa na −55 kwa hesabu ya mabaki ya 311. Zidisha −55 kwa yenyewe: 3,025, baki 226, au −85. Hiyo ndiyo 2¹⁶. Zidisha −55 kwa −85 upate 2²⁴: 4,675, na ukitoa 311 mara 15 kunabaki 10. Hadi 2³¹ bado hatua saba, yaani 128: 10 × 128 ni 1,280, na ukitoa 1,244 kunabaki 36. Baki la 2³¹ ni 36, si 1. Mwachilie 311. Anayefuata ni 1,303, kisha 1,489, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa orodha, kila mmoja akiachiliwa. Kazi hii mwanafunzi wa kidato cha nne anaiweza. Anachokosa ni kuambiwa kwamba mlango uko wazi.

Nambari hiyo ikawa tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kwa zaidi ya miaka 75. Ilizaa pia nambari timilifu ya nane. Nambari timilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vinajumlika kuirudisha: 6 ni 1 + 2 + 3, na 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Kanuni ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, inasema kila nambari tasa ya Mersenne inazaa moja, na yetu ukiizidisha kwa 2³⁰ inatoa 2,305,843,008,139,952,128. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba hakuna atakayepata kubwa kuliko hiyo kamwe, kwa kuwa nambari hizi hazina faida yoyote na hakuna atakayejisumbua. Kufikia 1876 Mfaransa Édouard Lucas alikuwa ameshathibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1 ni tasa.

Kukunja badala ya kugawanya

Shuleni tulifundishwa kwamba ukitaka kujua baki la nambari kwa 9, jumlisha tarakimu zake, kwa sababu kila kumi ni 9 na moja. Nambari yetu ina siri ileile upande wa kompyuta: 2³¹ ni nambari yetu na moja, kwa hiyo kila 2³¹ iliyomo katika nambari kubwa inahesabika kama 1. Kutafuta baki hakuhitaji kugawanya. Unakata biti 31 za chini, unazijumlisha na zilizobaki juu, basi.

Tujaribu na 4,747,561,509,943. Ndani yake 2³¹ imo mara 2,210, na kinachobaki chini ni 1,622,647,863. Jumlisha: 1,622,650,073. Hilo ndilo baki. Kuzidisha ni kazi nyepesi kwa kompyuta na kugawanya ni kazi nzito. Hapa kugawanya kumegeuka kukata na kujumlisha.

Ujanja huo ndio unaofanya kipimo cha Lucas cha kujua kama nambari ya Mersenne ni tasa, kilichoboreshwa na Derrick Lehmer katika karne ya 20, kiwe chepesi. Anza na 4. Kila hatua, zidisha nambari kwa yenyewe, toa 2, uchukue baki. Kwa mstari wenye moja p, fanya hatua p − 2; ukiangukia sifuri, nambari ni tasa, la sivyo si tasa. Kwa moja tano, yaani 31, hatua ni tatu: 4, 14, kisha 194 ambayo baki lake ni 8, kisha 62 ambayo baki lake ni sifuri. Tasa. Kwa nambari yetu mfululizo ni 4, 14, 194, 37,634, 1,416,317,954 na kuendelea, na hatua ya 29 ni sifuri. Simu ya mkononi inamaliza kabla hujainua kidole. Kosa la kawaida kwa anayeandika programu ya kipimo hiki ni lilelile la mwanzo: kuzidisha nambari ya biti 31 kwa yenyewe kunahitaji nafasi ya biti 62, na aliyetumia biti 32 ataambiwa kwamba nambari hii si tasa.

Jirani wa chini, 2,147,483,646, anastahili kutazamwa pia. Vigawo vyake ni 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Hakuna 5. Ukizidisha 7 kwa yenyewe tena na tena, ukichukua baki kwa nambari yetu kila mara, unapita kila nambari kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 kabla ya kujirudia. Kwa kuwa 5 haimo katika vigawo hivyo, 7⁵, yaani 16,807, nayo ina sifa hiyohiyo. 7² au 7³ zingekatiza safari katikati. Hiki ndicho kiini cha mojawapo ya njia zinazojulikana sana za kutengeneza nambari za kubahatisha, ile ambayo Stephen Park na Keith Miller waliipendekeza mwaka 1988 iwe kiwango cha chini kinachokubalika. Ukianza na 1 unapata 16,807, halafu 282,475,249, halafu 1,622,650,073, ambayo ni hesabu ileile tuliyoikunja hapo juu. Ya 10,000 ni 1,043,618,065. Usipoipata, msimbo wako una kosa. Usianze na 0, maana sifuri mara chochote ni sifuri na mashine itatoa sifuri milele. Wala usiitumie kutengeneza nywila au msimbo wa siri wa malipo, kwa kuwa aliyeona jibu moja anakokotoa yote yanayofuata. Kwa mchezo au kwa kuiga foleni ya benki, inatosha.

Bado kuna swali la asili. Kama mstari wa moja 31 ni tasa, je, mstari wenye moja 2,147,483,647? Nambari hiyo ingechukua tarakimu 646,456,993 kuiandika kwa kawaida, na kipimo cha Lucas na Lehmer kingetaka hatua zaidi ya bilioni mbili. Hakukuwa na haja. Hoja ya Euler inafanya kazi vilevile: kigawo chochote lazima kiwe 2 × k × 2,147,483,647 + 1. Mwaka 1983 kundi la Guy Haworth lilipata kimoja, ambapo k ni 68,745, nacho ni 295,257,526,626,031. Ligawanye kwa 8 uone: baki ni 7, kama kanuni inavyotaka. Mstari huo si tasa. Unaofuata wa aina yake, wenye moja 2⁶¹ − 1, hakuna aliyeuvunja wala kuuthibitisha, na ni mrefu kupita kumbukumbu ya kompyuta yoyote, kwa hiyo mlango uliobaki wa kuuvunja ni uleule wa 1772: kutafuta k.